Viazi Sita na Kabeji Moja

Juzi nilinunua gunia la viazi sokoni Garissa. Nilipolifungua jikoni, harufu ikanipanda puani hata nikaweka kisu chini. Ni harufu ya udongo mwekundu ulioloa, udongo wa baridi. Wetu hapa haunuki hivyo. Wetu ni vumbi, unanuka jua, na mvua ikinyesha unanukia kwa nusu saa tu kisha unarudi kuwa vumbi. Lakini gunia kutoka milimani hufika na baridi yake ndani, hata likishinda kwenye lori mchana kutwa. Niliinama nikavuta pumzi kama mtu anayenusa uturi, mpaka mwanangu Zakaria akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia. Niko Chogoria.

Hakunielewa, na nyinyi pia hamjanielewa. Ngojeni niwasimulie.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi hapa hapa Garissa, mwendo mfupi kutoka mtoni: Aabo, yaani baba yangu, karani wa ofisi ya serikali, Hooyo, mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa na mtoto mchanga, mimi Hodan, na Ayeeyo, mama yake Aabo. Ayeeyo alikuwa mfupi, mkavu, na mwenye sauti ya kumrudisha ngamia aliyekwisha potea. Nilimwita Ayeeyo, naye akiniita ayeeyo, kwani kwetu mkubwa humrudishia mtoto jina lile lile la udugu. Mgeni akitusikia alidhani tunabishana ni nani kati yetu aliye bibi.

Ayeeyo alikuwa na ugomvi mmoja mkubwa maishani, na aliyegombana naye alikuwa ameshakufa. Huyo ni babu yangu, Awoowe Warsame. Ujanani Awoowe aliswaga ng'ombe hadi Isiolo kuuza, na safari moja akarudi na habari. Alisema ameona mlima mweusi wenye weupe juu yake, na kwamba weupe ule ni maji yaliyosimama, jua linayapiga na hayaondoki. Akasema tena kwamba mto wetu, huu Tana tunaouteka kila siku, unazaliwa kule. Ayeeyo alicheka kabla mumewe hajamaliza hata kikombe cha maziwa. Alicheka mwaka ule, akacheka na mwaka uliofuata, akaendelea kucheka miaka arobaini. Wageni wakija, aliwaonyesha mumewe kwa kidole: "Huyu ndiye aliyeona mlima wenye mvi." Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Awoowe naye alicheka kidogo, na baada ya muda akaacha kabisa kuutaja huo mlima.

Hayo yangekuwa mzaha tu wa mke na mume, kama Awoowe asingekuwa mtu wa sahan. Wafugaji wetu hawahamishi mifugo kwa kubahatisha. Kwanza humtuma mtu mmoja mbele, aende siku kadhaa peke yake akatazame. Kazi hiyo ndiyo sahan, na anayetumwa huitwa sahamiye. Akirudi, hakuna anayeruhusiwa kumuuliza neno. Hupewa cha kunywa, akae, apumue. Ndipo huulizwa: majani yapo? Maji yapo? Kuna amani? Watoto, wazee na mifugo yote hung'oka kwa neno lake. Sahamiye akidanganya, wanyama hufa, naye hatasikilizwa tena barazani hadi anaingia kaburini. Kwa hiyo ukimwita mtu wa namna hiyo muongo mbele ya wageni, hata kwa kucheka, umemvua nguo.

Awoowe alifariki. Mwaka mmoja baadaye, alasiri moja, nilikuwa nasoma kitabu cha shule kwa sauti uani, Ayeeyo akichambua mchele kwa vidole, maana jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha funikwa na mtoto wa jicho na la kushoto nalo lilianza kuingia ukungu. Nikasoma kwamba Mlima Kenya una theluji mwaka mzima ingawa uko ikweta. Vidole vya Ayeeyo vikasimama.

"Theluji ni nini?"

"Ni maji yaliyoganda, Ayeeyo."

Akanifanya nisome tena. Nikasoma. Akanifanya nisome mara ya tatu, polepole, kana kwamba kitabu kingeona aibu na kubadilisha maneno. Kisha akaniuliza aliyeandika ni nani na kama alifika mwenyewe. Nikasema sijui. Hakusema neno tena mpaka magharibi, na nyumbani kwetu kimya cha Ayeeyo kilitisha kuliko makelele yake.

Asubuhi alimkamata Aabo akivaa viatu.

"Nipeleke nikauone huo mlima. Kama upo, basi nimemtukana mtu mkweli miaka arobaini, na amekufa bila kusikia nikikiri. Lazima nimwombe msamaha. Lakini mimi siombi msamaha kwa kubahatisha. Nitauona kwanza, kwa hili jicho lililobaki."

Aabo alikuwa mtu wa mipango. Mpe jambo la kupanga na umempa sikukuu. Jioni hiyo alirudi na ramani aliyoazima kwa mwalimu wangu, akapiga magoti sebuleni na kuchora safari yote kwa chaki kwenye saruji. Haitakuwa safari ya kwenda na kurudi, alisema. Tutakwenda polepole, tupite vijiji na miji midogo yote iliyokaa mgongoni mwa mlima, tulale huku, tuamkie kule, na mama yake autazame mlima mpaka achoke. Rafiki yake alikuwa na gari kuukuu aina ya Pijo ambayo angetuazima shule zikifungwa mwezi wa nane. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Mwingi. Nililala kifudifudi kando ya ile chaki nikayasoma majina kwa kunong'ona: Runyenjes, Chuka, Nkubu.

Ayeeyo akaja, akatazama chini, kisha akafuta Embu kwa kisigino.

"Chaki imeshafika huko? Nani amekwenda sahan?"

"Mama, hii ni barabara ya lami," Aabo alisema. "Sahan ya nini?"

"Unahamisha watu wawili na mzee mmoja kipofu nusu kwenda nchi isiyojulikana, halafu unaniuliza sahan ya nini. Baba yako angekuchapa."

Aabo alisema hawezi kuacha kazi aende mbele. Ayeeyo akasema hakumtaka yeye, kwani yeye akipanda gari hulala. Akazungusha lile jicho lake chumbani, likanitua mimi. Nchi ile haiko mbali, alisema. Watu wake wamejaa sokoni. Huyu ayeeyo mdogo ana miguu na ana masikio. Ataingia kwao, atauliza, na ataleta habari ya kweli.

Basi ndivyo nilivyokuwa sahamiye, msichana wa miaka kumi, kwenye soko la mboga. Nilifurahi mno, na nyumbani nikaanza kutembea kwa madaha hata Hooyo akaniuliza kama nimevunjika shingo.

Kwa majuma mawili, kila nikitoka duksi kusoma Kurani, nilikwenda kukaa kwa Mama Kendi. Alikuwa muuza viazi kutoka karibu na Nkubu, mama mnene mwenye kicheko cha chini chini, aliyeishi kwetu miaka mingi na kujifunza Kisomali cha kutosha kukatalia bei. Nilimweleza kazi yangu. Hakucheka. Alikunja gunia tupu, akalitandaza chini, akachagua viazi sita na kuvipanga kwa mstari uliopinda.

"Hiki kikubwa ni Embu. Hiki Runyenjes. Chuka. Chogoria. Hapa Nkubu, kwetu. Na hiki ni Meru." Halafu akachukua kabeji moja kubwa, akaiweka upande wa kushoto, peke yake. "Na huyu ndiye mwenyewe. Mkitoka Embu mpaka Meru, mlima uko mkono wa kushoto. Hamwezi kupotea."

Nilirudi hapo siku baada ya siku. Aliniambia mahali chai inapopandwa na mahali inapoishia, na jinsi barabara inavyoshuka hadi kwenye mto, ikavuka, ikapanda, ikashuka tena kwenye mto mwingine. Aliniambia baridi inafika kwenye mifupa. Mafundi cherehani walikaa karibu na kibanda chake, nao walicheka kila akisogeza kiazi, lakini mimi niliyaweka yote kichwani. Hatimaye nikauliza lile swali lenyewe: mlima unaonekana?

Mama Kendi akasugua kabeji kwa kidole gumba.

"Mwezi wa nane? Mwezi wa nane huwa anajifunika, mwanangu. Unaweza kukaa wiki nzima chini yake na usimwone. Mngoje Januari."

Januari shule zimefunguliwa. Januari Pijo ina kazi nyingine. Januari jicho la Ayeeyo litakuwaje? Hayo yote niliyawaza njiani, lakini nisijifanye mwema kwenu. La kwanza nililowaza ni kwamba mimi ningebaki Garissa na majina yangu ya chaki.

Ijumaa, baada ya swala, waliniita sebuleni. Aabo alikaa, Hooyo akakaa na mtoto mapajani, na Ayeeyo akanimiminia maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha Awoowe, ambacho tangu msiba hakuna aliyekigusa. Nikanywa. Hakuna aliyesema neno.

"Majani yapo?"

"Yapo, Ayeeyo. Nchi yote ni majani, mpaka juu ya vilima."

"Maji?"

"Kila bonde lina mto wake."

"Amani?"

"Watu wake wanalima, na wana ukarimu."

Akaniinamia. "Na mlima? Unaonekana?"

Maziwa yalikuwa bado mdomoni mwangu. "Kila asubuhi, Ayeeyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi tunahama," alisema.

Tulihama kweli kweli. Hooyo, aliyebaki nyumbani na mtoto, alitukaangia nyirinyiri, ile nyama ya ngamia ya vipande vidogo inayokaa kwenye samli bila kuharibika, chungu zima. Ayeeyo alibeba blanketi tatu, birika lake, msala wake, na chumvi, kwa sababu alisema watu wanaokula majani kama mbuzi huenda hawana chumvi. Alfajiri ya Jumatatu tukavuka daraja la Tana. Mimi nilikuwa nyuma na ramani yangu: viazi sita vya Mama Kendi ndani ya mfuko wa plastiki. Kabeji Hooyo alikuwa ameipika.

Hadi Mwingi nchi ilikuwa bado inafanana na yetu. Baada ya hapo barabara ikaanza kuinuka, na udongo ukabadilika rangi mbele ya macho yangu, kutoka kijivu hadi kahawia hadi wekundu wa matofali. Hewa ikaingia dirishani ikiwa imeoshwa. Embu tulifika jioni, na asubuhi yake nilipotoka nje nilisimama mlangoni kama mjinga. Hapakuwa na mahali patupu. Kila penye udongo palimea kitu, na juu ya hicho kitu kikamea kingine, ndizi, kahawa, maua ukutani, hata mifereji ilikuwa na majani. Kwetu mti mmoja una jina lake. Hapa miti ilikuwa imezidi hata kuhesabika, na mimi nikaona haya, sijui kwa nini, kama mtu aliyeingia nyumba ya tajiri na viatu vyenye vumbi.

Mkono wa kushoto kulikuwa na ukuta wa mawingu.

"Ayeeyo, mlima?" bibi yangu aliniuliza.

"Kesho," nikasema. "Hapa tuko mbali bado."

Siku ya pili tukaanza kukutana na mito. Barabara ilijikunja, ikazama bondeni, na chini kabisa maji yakawa yanakimbia juu ya mawe, meupe kwa povu, yana kelele. Tukavuka. Baada ya dakika chache, mto mwingine. Ayeeyo alianza kuihesabu kwa tasbihi yake, punje moja kila daraja. Tulipopita Runyenjes akaamini kwamba Aabo anatuzungusha kwenye mto mmoja. Karibu na Chuka alimwamuru asimamishe gari, akashuka akishikilia bega langu mpaka ukingoni, na akamwita mama mmoja aliyekuwa akifua nguo, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mama, hii maji nakwenda wabi?"

"Inashuka Tana, nyanya. Hii yote inaenda Tana."

Nilimtafsiria ingawa alikuwa ameelewa. Ayeeyo akaitazama tasbihi yake. Mito yote ile, punje zote zile za tasbihi, ilikuwa inashuka kwenda kwetu, kwenye madumu yetu ya plastiki, kwenye chai yetu. Akachuchumaa, magoti yakalia, akateka maji kwa viganja viwili. Yalikuwa baridi hata akashtuka. Akanywa, akaosha uso, akanywa tena.

"Hili alilisema," aliniambia kwa sauti ndogo. "Kwamba mto unazaliwa huku. Hili alilisema, ayeeyo." Halafu akainua uso kuelekea kushoto, kwenye mawingu. "Bado lile lingine."

Wenzangu, tangu hapo sikufurahia kitu. Jicho lake lile moja lilikuwa limeanza kung'aa kwa tumaini, na tumaini lenyewe nililitengeneza mimi. Chuka tulilala, tukaamkia mawingu. Siku ya tatu tukapanda Chogoria kukinyesha mvua laini isiyoanguka, imesimama tu hewani na kukulowesha. Mashamba ya chai yalikuwa ya kijani hata macho yaliuma. Aabo alisema asubuhi inayofuata ndiyo ya mwisho, kwani lazima tuteremke Meru na Isiolo turudi kazini.

Alasiri hiyo Ayeeyo alikaa kwenye kibaraza cha gesti, amejifunga blanketi zote tatu, akitazama mahali mlima unapopaswa kuwa. Hakula. Hakumtania mtu. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Ayeeyo, nilidanganya."

Hakugeuza uso.

"Mama Kendi aliniambia mwezi wa nane haujionyeshi. Alisema tungoje Januari. Nilitaka kuja. Niliogopa ungeghairi."

Mvua ilidondoka kwenye mabati. Nilitaka anipige. Nilitaka apige kelele ile ya ngamia, mji mzima usikie, yaishe.

"Nenda kwa baba yako ukale," alisema tu.

Alfajiri tuliswali, na Ayeeyo akabaki juu ya msala na tasbihi yake. Aabo alitoka kutafuta mafuta ya gari. Mimi nilichukua jagi na birika la Ayeeyo nikaenda kwenye mfereji uliokuwa nyuma ya gesti kuteka maji ya chai. Kulikuwa kumepambazuka kijivu. Nilifungua maji, nikatazama kushoto kwa mazoea tu. Mashamba, kisha msitu mweusi, kisha mawingu, kama siku zote.

Kisha nikaona kitu cheusi juu ya mawingu, mahali ambapo nilidhani ni mbingu.

Siku tatu nilikuwa natazama chini mno. Mawingu yalikuwa yanapasuka, na kile kitu kikashuka kutoka juu, kipande kwa kipande, mwamba wenye makali, halafu mwingine kando yake, na jua lililokuwa nyuma yangu likaupiga wote ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Ulikuwa mkubwa kuliko akili yangu. Haukuwa umesimama mbele yangu. Ulikuwa umesimama juu ya kila kitu, juu ya mawingu, juu ya ndege, kimya, na ulikuwa hapo siku zote tulipokuwa tukila na kusinzia chini yake. Na kwenye mikunjo ya mwamba, weupe, maji yaliyosimama. Nikasema Subhanallah kwa sauti, mimi niliyekuwa nikiisema kila siku kama mtu anayepiga chafya. Jagi lilijaa, likafurika, maji ya barafu yakanijaa viatuni, na sikusogea.

Ndipo nikakumbuka na kukimbia.

"Ayeeyo! Ayeeyo, njoo! Uko nje!"

Alikuja kwa kadiri alivyoweza. Mkono mmoja ukutani, mmoja begani kwangu, blanketi ikiburuta, nami namvuta na yeye ananigombeza nisimvute. Tulipozunguka kona, nikainua kidole.

Mawingu. Ukuta ule ule, laini, kama hakuna kilichotokea.

"Ulikuwa pale," nikasema. "Wallahi ulikuwa pale. Sasa hivi." Nikasikia sauti yangu ilivyo, sauti ya muongo kabisa. Jana nimekiri kudanganya, leo naapa. Nani angeniamini? Nikaketi chini kwenye saruji iliyoloa na kulia kwa kwikwi.

Ayeeyo alisimama juu yangu. Kisha akapapasa mpaka akalipata lile jagi, akafunga maji, akamimina kwenye mfuniko wa birika lake na kunipa.

"Kunywa."

Nikanywa. Meno yaligongana na bati. Alinisubiri nimalize, alisubiri nipumue, na pole pole akajishusha akaketi mbele yangu, mguu baada ya mguu.

"Ulikuwa upande gani wa jua?"

"Unalitazama jua."

"Una vichwa vingapi?"

"Viwili vikubwa vimekaribiana, kama watu wanaonong'onezana. Na vingine vidogo pembeni."

"Na weupe? Uko kichwani?"

Nilijua anachotaka. Nyumbani kwetu siku zote ulikuwa mlima wenye mvi. Hata kitabu kilichora kilele cheupe. Ningesema ndiyo, angeridhika. Nikafumba macho nikautazama tena.

"Hapana, Ayeeyo. Kichwa ni mwamba mtupu. Weupe uko chini yake. Uko shingoni."

Ayeeyo akanisogelea. Mkono wake ulikuja, ukashika uso wangu kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Shingoni," alisema. "Warsame alisema shingoni. Sisi ndio tuliosema kichwani, ili tupate kucheka vizuri."

Akaniachia. Akageuka kwenye ule ukuta wa mawingu, akauweka sawa mtandio wake, na kwa ile sauti yake ya zamani, sauti iliyofanya mbwa wa Chogoria wote wabweke, akaita:

"Warsame! Ulisema kweli! Nisamehe!"

Mwenye gesti alitoka mbio akidhani kuna mgonjwa. Ayeeyo alimwambia alete chai, na aweke chumvi kidogo.

Hadi tunafika Isiolo mlima haukujionyesha tena. Ayeeyo hakuuulizia. Alikula viazi vya kuchemsha, hata na sukuma wiki, akisema mbuzi hawakukosea sana. Na Garissa, mpaka jicho lile la pili lilipozima, wageni wakija aliwasimulia mlima: una vichwa viwili vinavyonong'onezana, na weupe wake uko shingoni. Wakimuuliza kama aliuona, alijibu, "Tulipeleka sahan." Nami nilivimba kichwa, nikidhani nimemshinda kwa ushahidi wangu.

Alipofariki nilikuwa kidato cha nne. Mama Kendi alikuja matangani, akakaa nami uani, akanishika mkono.

"Nyanya yako alikuwa mtu," alisema. "Mwaka ule mkienda kwetu, siku ya Ijumaa jioni alikuja kibandani. Aliniuliza kama mlima unaonekana mwezi wa nane. Nikamwambia nilivyokuambia wewe, angojee Januari. Akanishukuru, akanunua kabeji, akaenda zake. Na Jumatatu nikasikia mmesafiri. Nikashangaa."

Ijumaa jioni, saa chache tu baada ya kunipa kikombe cha Awoowe. Kwa hiyo tangu tunavuka daraja la Tana alijua. Kila aliponiuliza "Mlima?" alijua. Alipanda gari na mtoto muongo, akalala Embu, akalala Chuka, akaniuliza kila siku, akiningoja nilirudishe neno langu mwenyewe. Na nilipolirudisha, kesho yake akaniuliza kama sahamiye anavyoulizwa. Alinipa maji kwanza. Kisha maswali, moja baada ya jingine, na akayasikiliza majibu.

Awoowe hakupewa hata mojawapo. Miaka arobaini mkewe hakuwahi kumuuliza kama weupe uko kichwani au shingoni. Nadhani hilo ndilo lililomkalia Ayeeyo moyoni, zaidi ya mlima wenyewe, na kwa vile mwenyewe Warsame hakuwapo tena, alilifanya kwangu. Naumia nikifikiri jinsi alivyonisubiri. Namshukuru hadi leo.

Basi juzi, nikiwa bado nimeinamia gunia langu, Zakaria alitoka nje kucheza na baada ya muda akarudi mbio, mguu mmoja peku, jasho linamtiririka. Alisema kongoti, lile dege lenye upara linalokaa jalalani, limemnyang'anya ndala na kuruka nayo hadi juu ya tangi la maji la msikiti. Ndala mpya, nilimnunulia wiki iliyopita. Neno "muongo" lilikuwa limeshanifika kwenye ulimi. Nikalimeza.

Nilimpa maji. Nikamngoja amalize, apumue. Kisha nikakaa chini kando ya viazi, nikamtazama usoni.

"Haya," nikamwambia. "Hilo kongoti lilitokea upande gani?"